Sare ya shule isiwe kinga pekee ya binti

Tukisikia kwamba Iran binti wa miaka 13 anaweza kuozwa kwa idhini ya baba yake, tunashangaa. Lakini hapa Tanzania, Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, wakati mvulana anasubiri afikishe 18, na mahakama ikiridhia, hata miaka 14 inatosha. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho na cha 17, kinachohusu ridhaa ya mzazi, vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Mwaka mmoja uliotolewa wa kurekebisha sheria ulipita, na mingine ikafuata bila kitu.

Wapo wanaosema hayo ni makaratasi tu, kwa kuwa tangu 2016 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Ni kweli, ila kinga hiyo inafuata sare, haimfuati mtoto. Binti wa Kilolo au Rungwe anafanya mtihani wa darasa la saba Septemba, kisha majina ya kidato cha kwanza yanasubiriwa. Lake lisipokuwamo, sare inakunjwa na kuachiwa mdogo wake, naye si mwanafunzi tena. Hapo ndipo anapofika dalali wa kutafuta dada wa kazi wa kupeleka Dar es Salaam, au mshenga. Na kwa kuwa binti sasa "amekua", akichelewa kisimani anahojiwa alikuwa na nani, huku kaka yake akirudi usiku wa manane bila kuulizwa.

Serikali yenyewe ilidai mahakamani kwamba ndoa ya mapema inamkinga binti na mimba ya nje ya ndoa, tena inalinda mila na dini. Hofu ya wazazi siibezi, maana binti akipata mimba, aibu inamwangukia yeye na mama yake, mwanamume akiwa ameshahamia Tunduma. Lakini ndoa haizuii mimba ya mtoto, inaihalalisha tu. Kuhusu dini, Morocco iliweka umri wa miaka 18 mwaka 2004 na Algeria 19 mwaka 2005, japo hakimu aliachiwa nafasi ya kuruhusu chini ya hapo, na nchi hizo hazikuuacha Uislamu. Na kama Serikali haileti marekebisho, Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kuleta muswada binafsi. Wabunge wa Mbeya na Iringa, ambao wapiga kura wao ndio wazazi wa mabinti hawa, wana kila sababu ya kuuwasilisha: miaka 18, kwa msichana na kwa mvulana.