BOMBA LA DAWA LIKO MGONGONI MWA NANI?

Ndugu wafanya kazi,

Tangu mwaka 2017 kiwavi mgeni yumo katika mahindi yetu. Asili yake ni Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata akafika kwetu, Trans Nzoia ikiwa miongoni mwa mahali pa kwanza. Mpaka wa Suam haukumzuia. Nondo wake huweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja, wala haulizwi kipande.

Matajiri wa mashamba wanasema huu ni msiba wa wote, basi tuvumiliane. Haya, msiba ni wa wote, lakini bomba la dawa liko mgongoni mwa nani? Wanaolibeba ni vibarua, bila glavu, bila miwani, na shati lililolowa dawa ndilo hilo hilo la kwenda nalo nyumbani kwa watoto. Mtu akiumwa kichwa na kutapika huambiwa amelewa.

Tena kazi yenyewe inaendeshwa ovyo. Huyu si yule kiwavijeshi wa zamani, aliyekuja kwa makundi, akala, akapita. Huyu hukaa. Hujificha moyoni mwa mhindi, huziba mlango kwa mavi yake, na hula zaidi usiku. Nyapara anayetupeleka kupiga dawa saa saba mchana, jua likiwaka, anaosha majani tu. Kiwavi yumo ndani salama, na mvuke tunauvuta sisi. Wakati wake ni asubuhi mapema au jioni, viwavi wakiwa bado wadogo. Akina mama wenye vishamba vya nusu eka wanalijua jambo hili kuliko wenye matrekta: hukagua mimea, huponda mayai kwa vidole, hutia majivu au mchanga moyoni mwa mhindi.

Hatusemi majivu yatatosha eka mia tano. Lakini wataalamu wa ICIPE walipanda desmodiamu kati ya mistari na nyasi za brakiaria pembeni, na utafiti wao wa mwaka 2018 ulionyesha viwavi wamepungua kwa asilimia 80 na zaidi. Nyasi hizo ng'ombe hula pia. Kwa nini tajiri hajaribu hata kipande kimoja cha shamba? Kwa sababu mapafu ya kibarua hayamo katika hesabu zake.

Tunaambiwa mavuno yamepungua, ndiyo maana hakuna fedha ya glavu. Fedha ya dawa ilipatikana wapi? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe nguo za kujikinga, glavu, viatu na miwani kwa kila anayeshika kitu cha kudhuru. Si zawadi ya Krismasi hiyo.

Basi wanachama, mtu asibebe bomba kabla hajapewa vifaa hivyo. Atakayelazimishwa amweleze mwakilishi wetu siku hiyo hiyo, aje na jina la dawa kama lilivyoandikwa juu ya kopo, na saa aliyopelekwa shambani.