Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kemo isitolewe bila dawa za kuzuia kutapika

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Nakuandikia kuomba jambo moja. Mgonjwa wa saratani anayewekewa dripu ya kemo katika hospitali ya umma asitoke getini bila dawa zake za kuzuia kutapika za siku zote zinazofuata, na dawa hizo zihesabiwe kuwa sehemu ya kemo yenyewe: kwenye manunuzi, kwenye bima na kwenye msamaha wa malipo.

Nilitibiwa saratani ya titi kwa ile dawa nyekundu, doksorubisini, pamoja na siklofosfamidi. Madaktari wanauweka mchanganyiko huo katika kundi la kemo zinazotapisha zaidi. Hospitali yangu siitaji, maana walionihudumia walikuwa watu wema, na yaliyonipata nimeyasikia kwa wagonjwa wa hospitali nyingine pia. Kabla ya dripu nilichomwa sindano ya ondansetroni na ya deksamethasoni. Siku hiyo nilikunywa chai na chapati nikadhani nimepona woga. Dirishani nikaambiwa vidonge vya kwenda navyo nyumbani vimeisha, nikanunue nje. Bima ilikuwa imelipa dripu, lakini vidonge haikuvitambua. Sikuwa na fedha za kununua vyote, nikanunua vya siku moja.

Kesho yake jioni ndipo tumbo lilipogeuka. Nilitapika uji, nikatapika maji, mwishowe nikatapika nyongo tupu. Jirani alikuwa akikaanga dagaa, ikabidi wanangu wafunge madirisha yote. Lililonitesa zaidi ni kichefuchefu chenyewe, kile kinachokaa kooni mchana na usiku hata pale ambapo hakuna cha kutoka. Anayetapika hupata nafuu ya muda, lakini mwenye kichefuchefu hapati hata hiyo. Nilifika mahali pa kumwambia dada yangu kwamba sirudi tena. Nilirudi kwa sababu yeye alinishika mkono akanipeleka, na si kila mgonjwa ana dada wa namna hiyo.

Mheshimiwa, mambo haya yana mpangilio unaojulikana vizuri. Kemo ikiingia mwilini, seli za utumbo humwaga serotonini, nayo huamsha mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa kwenye ubongo. Hilo ndilo wimbi la kwanza, la saa 24, na ondansetroni hulizuia vizuri. Wimbi la pili huanza baada ya hapo na huweza kufika siku ya tano. Hilo lina njia yake nyingine mwilini, na sindano moja ya asubuhi hailifikii. Kwa hiyo hospitali humkinga mgonjwa saa zile anapoonekana, na matapishi yenyewe humkuta Chalinze ndani ya basi, au Singida, au kijijini ambako zahanati haijawahi kupokea mgonjwa wa kemo. Daktari haoni chochote. Mgonjwa anaporudi baada ya wiki 3 amepungua kilo, na faili halisemi kwa nini.

Tena tunachangia sisi wenyewe kwa adabu zetu. Daktari akiuliza, "Unaendeleaje, mama?" mgonjwa hujibu, "Naendelea vizuri, namshukuru Mungu." Hasemi uongo. Ndivyo tulivyofundishwa kumjibu mtu anayetujali, na daktari mwenyewe ana foleni ya watu nje. Wengine huogopa kwamba wakilalamika watapunguziwa dozi au wataonekana hawaiwezi tiba. Nimekaa na akina mama kwenye mabenchi ya kusubiri, wakanisimulia mambo ambayo dakika chache baadaye, chumbani kwa daktari, hawakuyagusa kabisa. Dawa ya tatizo hili haina gharama: muuguzi aulize swali lisilojibika kwa "vizuri". Siku ya tatu ulitapika mara ngapi? Chakula cha kwanza kukaa tumboni kilikuwa nini, na ilikuwa siku gani?

Wala si kwetu tu. Mwaka 1983 watafiti wa Australia waliwauliza wagonjwa wa kemo ni madhara gani yanayowatesa zaidi, wakataja kutapika kwanza na kichefuchefu pili, mbele hata ya kunyonyoka nywele. Wakati huo ondansetroni ilikuwa haijaanza kutumika hospitalini. Mwaka 2004, dawa hiyo ikiwa imeshaenea, utafiti uliochapishwa Marekani ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya madaktari na wauguzi walioulizwa walikadiria chini ya hali halisi ukubwa wa lile wimbi la pili kwa wagonjwa wao wenyewe. Kama wenye simu kila kitanda walipitwa, sisi tutapitwa zaidi tusipoweka utaratibu.

Naomba uwafikirie hasa wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Wengi wao hupewa mionzi pamoja na sisplatini, dripu moja kila wiki kwa wiki 5 au 6. Sisplatini bila kinga hutapisha karibu kila mtu. Vilevile huumiza figo, na figo zinahitaji maji mengi ili kuihimili. Sasa mwanamke anayetapika siku 3 mfululizo hawezi kunywa maji. Wiki inayofuata vipimo vya figo vinarudi vibaya, na daktari hana budi kuiahirisha au kuisimamisha kabisa ile sisplatini. Taifa limenunua mashine ya mionzi kwa mabilioni, limesomesha wataalamu, limemtoa mama huyu mkoani kwa rufaa, halafu tiba inakatika kwa kukosa vidonge. Hapo ndipo ninapokosa usingizi, Mheshimiwa.

Vidonge vyenyewe si vya kutafuta mbali. Ondansetroni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hutengenezwa na viwanda vingi. Deksamethasoni ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Dawa mpya za lile wimbi la pili, kama aprepitanti, bado ni ghali, na ningependa siku moja zifike kwa wote. Lakini ipo olanzapini, dawa ya zamani ya wagonjwa wa akili, ambayo sasa nayo hutengenezwa na viwanda vingi. Mwaka 2016 utafiti wa Marekani uliongeza olanzapini kwenye dawa za kawaida za kuzuia kutapika, kwa wagonjwa wa kemo kali. Katika saa 24 za kwanza, asilimia 74 ya walioipata hawakuwa na kichefuchefu chochote, dhidi ya asilimia 45 ya wasioipata. Kasoro yake kubwa ni usingizi, na hilo wenzetu wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, wamelishughulikia: mwaka 2024 walionyesha kwamba miligramu 2.5 hufanya kazi isiyopungua ile ya miligramu 10, na mgonjwa hasinzii sana mchana. Huo ni utafiti wa nchi yenye foleni ndefu na wagonjwa wa kipato kidogo kama sisi. Tuufuate.

Ila atakayeitoa aieleze. Nimemwona binti aliyeficha pakiti ya olanzapini kwa sababu mwenye duka la dawa alimwambia ni ya vichaa, na mama yake akaanza kulia kwamba saratani imepanda kichwani. Kikaratasi cha Kiswahili chenye mistari michache kingetosha: dawa hii ni ya kichefuchefu, meza usiku, itakupa usingizi, usiendeshe pikipiki. Kwenye kikaratasi hichohicho iandikwe kwamba ondansetroni hufunga choo, na kwamba deksamethasoni imezwe asubuhi, na mwenye kisukari apime sukari. Metoklopramidi, ambayo mara nyingi hutolewa pale nyingine zinapokosekana, inaweza kumkaza shingo na taya hasa kijana. Mzazi asipoambiwa atadhani mwanawe amepandwa na kitu.

Kuchelewa nako kuna gharama. Mwili uliotapishwa vibaya mara ya kwanza hukumbuka. Wapo wanaoanza kutapika kwa harufu ya spiriti tu, au wanapoliona geti la hospitali, kabla sindano haijawagusa. Kichefuchefu cha namna hiyo kikishajengeka, dawa hizi hazikiwezi vizuri. Kinachosaidia ni kumkinga mtu kikamilifu tangu dripu ya kwanza. Na wanaohitaji jicho la ziada wanajulikana kwa kuulizwa tu: ni wanawake kuliko wanaume, vijana kuliko wazee, waliosumbuliwa sana na kichefuchefu cha mimba, wanaotapika kwenye magari.

Ninachoomba kwako kinaandikika kwenye waraka mmoja. Bohari ya Dawa inunue na kusambaza vidonge hivi pamoja na kemo, kwa hesabu moja, ili kimoja kisifike bila kingine. Mifuko ya bima ivilipie kama inavyolipia dripu, na anayetibiwa kwa msamaha avipate kwa msamaha uleule. Na siku ya tatu muuguzi ampigie mgonjwa simu, maana hata kijijini siku hizi simu ipo kwa mgonjwa au kwa jirani.

Makadirio ya Wizara yako yatasomwa bungeni kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai. Naomba fungu la dawa za kuzuia kutapika lionekane humo, likiwa limeandikwa ndani ya fungu la tiba ya saratani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama aliyemaliza kemo, Morogoro