Kesi ya Kura Ikichelewa, Nani Hulipa?

Wako watu miongoni mwetu ambao kila uchaguzi ukiisha kwa ubishi hutuusia neno moja tu: subira. Aliyeshindwa aende mahakamani, aliyetangazwa aapishwe, wananchi warudi makazini, na kesi iende mwendo wake. Sina ugomvi na subira. Ugomvi wangu ni na wanaoihubiri bila kutuambia gharama yake anatwishwa nani. Kwa hiyo nawaomba twende Arizona, jimbo la Marekani lenye jangwa na shaba, mwaka 1916. Huko watu walifuata karibu kila wasia tunaopewa siku hizi, na malipo yakadaiwa kwa watu wasiohusika na kesi hata kidogo.

Gavana alikuwa George W. P. Hunt, mtu mnene, mwenye kipara na masharubu yaliyofunika mdomo. Aliingia mji wa migodi wa Globe akiwa kijana, akahudumu mezani, akafanya kazi mgodini, na mwishowe akawa mkuu wa kampuni kubwa ya biashara mjini humo. Arizona ilipopewa hadhi ya jimbo tarehe 14 Februari 1912, yeye ndiye aliyekuwa gavana wake wa kwanza. Tajiri huyu hakusahau alikotoka. Wachimbaji wa Clifton na Morenci walipogoma mwaka 1915, hakupeleka askari wa jimbo kuwatawanya. Aliwapeleka kuzuia wavunja mgomo wasiletwe kutoka nje. Wenye makampuni ya shaba waliliweka jambo hilo moyoni.

Mwaka uliofuata alisimama dhidi yake Thomas Campbell wa chama cha Republican, mzaliwa wa Prescott, humo humo Arizona. Woodrow Wilson, aliyekuwa wa chama kimoja na Hunt, yaani Democratic, alishinda urais katika jimbo hilo kwa maelfu ya kura, lakini wengi waliompa Wilson walimruka Hunt. Hesabu ya kwanza ilipofungwa, Campbell alikuwa mbele kwa kura 30. Thelathini, katika kura zaidi ya 55,000 walizopata wawili hao! Na katika uchaguzi huo huo wapiga kura wa Arizona walifuta adhabu ya kifo kwa tofauti ya kura 152. Anayesema kura yake haina uzito, akawaulize waliokuwa wakingoja kitanzi.

Ubishi ukaangukia kwenye alama. Karatasi ya kura ilipangwa kwa safu za vyama, na mpiga kura aliyetaka kukipa chama chote kura yake aliweka X juu ya safu, basi, amemaliza. Sasa wako walioweka X juu ya safu ya Democratic, kisha kalamu ikahamia upande wa pili na kuweka X nyingine kwenye jina la Campbell. Mtu huyo amemchagua nani? Mawakili walizishika karatasi hizo, wakazigeuza, wakazibishania moja moja. Mimi nadhani wengi wa wapiga kura hao walijua vyema walichokuwa wakifanya. Lakini karatasi haina mdomo, na aliyeiandaa hakufikiria kwamba kuna mtu anaweza kupenda chama na kumchukia mkubwa wake.

Tarehe 1 Januari 1917 waliapa wote wawili. Hunt akakataa kutoka ofisini. Jimbo likawa na magavana wawili, mmoja ana kiti, mwingine ana cheti. Kabla mwezi haujaisha, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamuru Campbell ashike madaraka wakati kesi ikiendelea, na Hunt akaondoka. Mwezi Mei jaji wa mahakama ya chini akampa Campbell ushindi. Hunt akakata rufaa. Tarehe 22 Desemba Mahakama ya Juu ikasema kwamba aliyeshinda ni Hunt, kwa kura 43. Siku ya Krismasi akakirudia kiti chake, na Campbell akampisha.

Hapo ndipo wahubiri wa subira hupiga makofi. Tazameni uungwana! Amri ilitii­wa mara mbili, na kila upande kwa zamu yake. Naam, ni uungwana, nami nausifu. Wangapi kwetu wangeweza? Lakini wao hufunga kitabu hapo. Mimi nataka tukifungue katikati, kwenye ukurasa wa Julai.

Marekani ilikuwa imeingia katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia mwezi Aprili, na shaba ikawa inatafutwa kama chakula. Mwishoni mwa Juni wachimbaji wa Bisbee, karibu na mpaka wa Mexico, waligoma wakidai usalama na ujira. Alfajiri ya tarehe 12 Julai, Sherifu Harry Wheeler aliwatoa watu wake wapatao 2,000, wenye bunduki, kila mmoja na kitambaa cheupe mkononi ili watambuane. Wakaingia nyumba kwa nyumba. Wanaume wapatao 1,200, wengi wao Wamexico na wahamiaji kutoka Ulaya, waliswagwa hadi kwenye uwanja wa mpira, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mifugo ambayo sakafu zake bado zilikuwa na samadi, wakavushwa hadi jangwa la New Mexico na kuachwa huko. Waliambiwa wasirudi. Hapakuwa na hati ya mahakama, wala shtaka lolote.

Hunt alikuwa wapi? Majira hayo Wilson alikuwa amemtuma Globe kusuluhisha mgomo mwingine. Mtu ambaye baadaye mahakama ingesema ndiye gavana alikuwa akizunguka kama mjumbe, hana mamlaka yoyote ya jimbo. Sisemi kwamba angelisimamisha treni ile kwa mkono wake. Lakini nauliza: gavana ambaye kiti chake kiko mbele ya majaji, neno lake lina uzito gani kwa sherifu mwenye watu 2,000 na makampuni nyuma yake? Tumezoea kusema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyika, tukatikisa kichwa na kwenda zetu, kana kwamba kuumia kwa nyika ni jambo la maumbile, kama masika. La hasha! Kuna mtu aliyepanga ratiba ya kesi ile.

Msiseme hayo ni ya Marekani na ya zamani. Kenya imekuwa ikichagua magavana 47 tangu mwaka 2013. Sheria yake ya uchaguzi inaipa Mahakama Kuu miezi 6 kumaliza kesi ya gavana, na Mahakama ya Rufaa miezi 6 mingine, na juu yake bado iko Mahakama ya Juu. Ipimeni Arizona kwa rula hiyo: kesi ya Hunt ilipita mahakama mbili na kwisha ndani ya mwaka mmoja. Haikuchelewa! Kwa kipimo chetu, ingepewa cheti cha kuwahi. Wakati huo huo muhula wa gavana wa Arizona ulikuwa miaka 2, na karibu nusu yake ililiwa na mtu ambaye wapiga kura hawakumchagua.

Lakini Katiba ya Kenya inapofika kwenye urais huharakisha: pingamizi liwasilishwe ndani ya siku 7, liamuliwe ndani ya siku 14, na kuapishwa kungoje. Mtaniambia rais ni mmoja, magavana ni wengi, majaji ni wachache. Ni kweli, wala siidharau hoja hiyo. Kesi ya hongo na vitisho inahitaji mashahidi, na mashahidi wanahitaji muda. Lakini palipo na tofauti ya kura 30 na ubishi ni wa alama kwenye karatasi, kuna haja gani ya kungoja mashahidi? Masanduku yafunguliwe kwanza, yahesabiwe mbele ya jaji na mawakili katika wiki mbili, kabla mtu hajashika Biblia au Kurani. Na madai ya hongo yafuate baadaye kwa mwendo wake. Hilo halihitaji majaji 100. Linahitaji kifungu kimoja cha sheria, na wabunge watakaokipitisha kabla ya uchaguzi, wakati hakuna kati yao anayejua kama yeye ndiye atakayekuwa mbele kwa kura 30 au nyuma.

Na wale wa Bisbee? Mwaka 1920 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kosa walilotendewa si la serikali kuu kulishtaki, ni la jimbo. Mwaka huo huo jimboni mshtakiwa mmoja alifikishwa mahakamani, baraza la wazee wa mahakama likamwachia, na wengine hawakuguswa tena. Hunt na Campbell walikutana tena kwenye uchaguzi wa 1922. Hunt alishinda, na safari hii hakuna aliyekwenda kortini.