Wachezaji Thika na Ruiru wanunua kadi, kumbe shida iko kwingine

Kijana anayeshuka matatu mjini Ruiru akiwa amekumbatia boksi lenye kadi ya michoro kutoka barabara ya Luthuli, Nairobi, huwa na hakika ya jambo moja: usiku huo mchezo wake hautakwama tena. Mara nyingi hukwama vilevile. Wakati mwingine tarakilishi huzimika kabisa pindi mchezo unapoanza, na kesho yake boksi hilo hurejeshwa dukani kwa mabishano.

Kisa hiki ni cha kawaida katika ukanda wa barabara kuu ya Thika. Tangu barabara hiyo ilipofunguliwa rasmi Novemba 2012, mashamba ya kahawa na mkonge yamegeuka vyumba vya kukodisha, na sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Ruiru imeipita Thika kwa idadi ya wakazi. Baina ya miji hiyo miwili ipo Juja, makao ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia (JKUAT). Thika ina Chuo Kikuu cha Mount Kenya, nacho Zetech kiko upande wa Ruiru. Hapo pana maelfu ya vijana wenye hamu ya kucheza, na wachache mno wenye uwezo wa kununua mashine mpya.

Si suala la burudani pekee. Wapo waliofungua vibanda vya michezo ambapo wateja hulipa kwa saa au kwa mechi, na kwao mashine inayosinzia ni mteja anayehamia kibanda cha jirani. Wapo pia wanafunzi wanaotumia mashine hiyo hiyo kuhariri video na kuchora ramani za majengo ili wapate karo. Anayetumia sehemu ya mkopo wa HELB kununua kipuri kisichofaa hana fedha nyingine za kurekebisha kosa hilo hadi muhula ujao.

Chanzo cha tatizo ni aina ya mashine inayonunuliwa. Tarakilishi ya mezani inayopatikana kwa bei nafuu katika eneo hili ni ile iitwayo 'ex-UK', jina linalotumika hata ikiwa imetoka Marekani au Dubai. Hizi ni mashine zilizotumika katika afisi za ng'ambo kwa miaka kadhaa, zikaondolewa, zikasafishwa na kuuzwa upya. Dell OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1, zote za 2013, ni mifano inayojulikana sana. Ni mashine imara. Prosesa zake za Intel za kizazi cha nne bado zinatosha kwa kazi nyingi za kila siku.

Lakini ziliundwa kuandika barua na kupiga hesabu. Aliyezibuni hakuwahi kufikiria kwamba siku moja zitabebeshwa mchezo wa kandanda unaohitaji gigabaiti 100 za nafasi.

Michezo nayo haikusimama. Counter-Strike: Global Offensive, uliopendwa kwa sababu uliweza kukimbia hata kwenye mashine dhaifu, ulidai RAM ya gigabaiti mbili na nafasi ya gigabaiti 15. Septemba 2023 nafasi yake ilitwaliwa na Counter-Strike 2, unaodai RAM ya gigabaiti nane na nafasi ya gigabaiti 85. Mashine ambayo jioni moja ilikuwa ikicheza bila taabu iliamkia kuwa butu pasipo mwenyewe kugusa chochote.

Hapo ndipo mchezaji hukimbilia kadi ya michoro, maana ndiyo inayosifiwa. Lakini kabla ya kutoa hata shilingi, kipo kipimo cha dakika tano kisicholipiwa. Programu ya Task Manager, iliyomo ndani ya Windows, huonyesha ni sehemu gani ya mashine inayolemewa wakati mchezo ukiendelea. Diski ikiwa imefika asilimia 100 huku prosesa ikipumzika, tatizo ni diski. RAM ikiwa imejaa, ni RAM. Prosesa ikiwa imelemewa huku kadi ikifanya nusu ya kazi, kadi kubwa zaidi haitaleta tofauti. Kadi yenyewe ikiwa ndiyo iliyofika kikomo, basi hapo tu ndipo pana sababu ya kuibadilisha.

Ni ajabu jinsi kipimo hiki kinavyorukwa, hata na mafundi wanaolipwa ili wakifanye.

Kwa mashine za mitumba, mshukiwa wa kwanza huwa diski ya zamani inayozunguka. Kuibadilisha kwa SSD huondoa kusubiri kwingi wakati wa kuwaka na wakati mchezo unapopakia uwanja. Haiongezi idadi ya picha kwa sekunde, na muuzaji anayeahidi hivyo anadanganya. Lakini humaliza ule mkwamo wa ghafla unaotokea mchezo unapotafuta faili katikati ya mechi.

Mshukiwa wa pili ni RAM, na hapa kosa huwa dogo na la kusikitisha. Tarakilishi nyingi huuzwa na kipande kimoja cha gigabaiti nane, ilhali madabodi ina njia mbili za kupitishia data. Kipande kimoja cha DDR3 cha kasi ya 1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Viwili vinavyolingana, vikichomekwa katika sehemu zinazostahili, hufikisha 25.6. Kwa asiye na kadi ya michoro, ambaye picha zake zote hutegemea RAM hiyo hiyo, kipande cha pili ndicho uboreshaji wa bei ya chini wenye matokeo ya haraka. Hata mwenye vipande viwili hujikuta amevichomeka upande mmoja, na kuvihamisha hakumgharimu chochote.

Umeme ndio unaowaangusha wengi zaidi. OptiPlex 9020 ya umbo dogo ina pawasaplai ya wati 255, na EliteDesk 800 G1 ya umbo hilo ina wati 240. Prosesa peke yake inaweza kutumia zaidi ya wati 80. Kadi kama GTX 1050 Ti au GTX 1650, zenye kikomo cha wati 75, huweza kuchukua umeme wote kutoka kwa madabodi, mradi mnunuzi achague toleo lisilodai waya wa ziada na lenye kimo kifupi kinachoingia katika kisanduku hicho chembamba. RX 580, inayotajwa mno kwa sababu bei yake imeshuka, hudai takriban wati 185 na waya wake maalumu. Kuiweka katika mashine ya wati 240 ni sawa na kumtwika punda gunia la lori. Mashine huzimika mzigo unapozidi, na mwenyewe huilaumu kadi.

Wapo wanaong'amua hilo wakaenda kununua pawasaplai kubwa zaidi. Huko nako kuna mtego. Pawasaplai ya kawaida ina kichomeko cha pini 24, lakini OptiPlex 9020 hutumia cha pini nane, na EliteDesk 800 G1 cha pini sita. Haziingiliani bila waya wa kuunganishia, na kile kisanduku chembamba hakina nafasi ya pawasaplai ya ukubwa wa kawaida. Anayekusudia kucheza angekuwa na nafuu kununua tangu mwanzo mashine ya aina hiyo hiyo yenye umbo la mnara, hata kama itakula nafasi zaidi chini ya meza. Wauzaji hulitaja jambo hili kwa nadra, labda kwa kuwa umbo dogo ndilo lililojaa madukani.

Bei ya RX 580 ilishuka kwa sababu maalumu. Septemba 15, 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha mfumo wa uchimbaji uliotegemea kadi za michoro. Kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikakosa kazi na kumwagwa sokoni. Nyingi bado ni nzima, lakini feni zake zimechoka. Aidha, lipo toleo lake la China lenye viini 2048 badala ya 2304, ambalo huuzwa kwa jina lile lile bila maelezo.

Ulaghai wa wazi zaidi ni kadi bandia. Kadi za miaka ya 2010 na 2011, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, hubadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa Windows kama GTX 1050 Ti. Boksi ni jipya, stika inang'aa, na hata tarakilishi inaamini. Ni mchezo pekee unaokataa kudanganywa. Programu ya bure ya GPU-Z iliongezewa mwaka 2018 uwezo wa kuzitambua kadi za namna hiyo na kuzipa onyo. Muuzaji mwaminifu hakosi kuwa na mashine dukani ya kuifanyia jaribio hilo mbele ya mteja.

Hata kadi halali ina mafumbo yake. GT 1030 ya awali ilikuwa na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 likatoka toleo la DDR4 lenye jina lile lile, ambalo kasi ya kumbukumbu yake ni kama thuluthi moja tu ya lile la kwanza. Tofauti imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi.

Joto nalo husahauliwa. Mashine iliyoundwa 2013 ina krimu ya kupitishia joto iliyokauka baina ya prosesa na chuma cha kuipozea, na vumbi la barabara na machimbo ya mawe ya Ruiru limeifunika feni. Prosesa inapokaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni bayana: mchezo unaanza vizuri, kisha baada ya robo saa unaanza kusuasua. Brashi, krimu mpya na nusu saa ya kazi vinatosha. Kosa jingine, ambalo mafundi hulisimulia kwa kicheko, ni la mtu aliyeweka kadi mpya kisha akaacha waya wa skrini umechomekwa kwenye madabodi, hivyo kadi ikawa imekaa bure wiki nzima.

Kuna mkwamo ambao si wa mashine hata kidogo. Seva za michezo mingi ya mtandaoni ziko Johannesburg, Dubai au Ulaya, na data ya mchezaji wa Thika lazima isafiri hadi huko na kurudi. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ulidorora kote Afrika Mashariki. Picha zikiendelea kupita vizuri huku wapinzani wakirukaruka kwenye skrini, hakuna RAM itakayoponya umbali.

Ni nani basi anayemlinda mnunuzi? Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari za kutosha kuzihusu, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi Aprili 2021, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni na hutakiwa kuamua katika siku 60. Hata hivyo, ni wachache watakaofuata kadi ya maelfu machache hadi mahakamani, hasa wakiwa wamelipa bila kudai risiti yenye jina kamili la bidhaa. Risiti iliyoandikwa 'kadi ya michoro' pekee haimfungi muuzaji kwa lolote.

Uamuzi umekuwa mgumu zaidi kwa sababu ya mambo mawili ya 2025. Kwanza, Oktoba 14 mwaka huo Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kutangaza muda wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Mashine za kizazi cha nne haziingii. Njia za kukwepa masharti hayo zipo na mafundi wanazijua, ila mchezo kama Valorant hukagua TPM ndani ya Windows 11 na kukataa kufunguka usipoipata.

Pili, kuelekea mwisho wa mwaka huo bei ya RAM ilipanda duniani kote kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwa vituo vya data vya akili bandia. Desemba, kampuni ya Micron ilitangaza kuwa inaacha biashara ya Crucial, chapa iliyouzia wateja wa kawaida RAM na SSD kwa miaka mingi.

Mmiliki wa kibanda mwenye mashine sita za kizazi cha nne anakabiliwa na hesabu mbili. Akizitia kadi na RAM sasa, anawekeza katika mashine ambazo michezo inazidi kuzifungia mlango. Akisubiri mashine za kizazi cha nane zishuke bei kadiri afisi za ng'ambo zinavyozidi kuziondoa, wateja wake wanaendelea kulalamika. Baadhi wamechagua njia ya tatu: kuwekea SSD na kipande cha pili cha RAM mashine mbili tu zenye wateja wengi, kuzisafisha nne zilizobaki, na kuziachia michezo ya zamani ambayo bado ina wapenzi.

Kadi ya michoro huhamishika kutoka mashine moja hadi nyingine, na SSD pia. RAM ya DDR3 haihamishiki, kwa kuwa mashine za kizazi cha nane hutumia DDR4. Mwenye shilingi za kipuri kimoja pekee ana sababu ya kulizingatia hilo kabla ya kupanda matatu ya kwenda Luthuli.