Sheria ya dago na hema iwe moja



Natoa maoni yangu kuhusu watu wanaopiga mbizi na kupiga kambi katika Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia.

Wale wasiofika huko waelewe kwamba ghuba hiyo imekingwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Kusi likivuma, bahari ya nje haiendeki kwa chombo kidogo, lakini ndani ya ghuba wapiga mbizi huendelea na shughuli zao. Ndiyo sababu hoteli zimejengwa Utende. Na ndiyo sababu wavuvi nao, tangu enzi za mababu, hulala dago katika fukwe za visiwa hivyo wakingoja maji na upepo.

Mwaka 1995, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1994, eneo hilo lilifanywa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 822, na vijiji vimo ndani yake. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima kwa sababu baruti zilikuwa zinavunja miamba, na yapo matumbawe ambayo huongezeka kiasi cha sentimeta moja tu kwa mwaka. Kisha mwaka 1998 joto la bahari likaja likaua mengine mengi. Kwa hiyo simtetei hata kidogo mtu wa baruti wala wa kokoro.

Ninalolalamikia ni hili. Katika hifadhi zipo sehemu ambazo mvuvi haruhusiwi kutupa hata mshipi, lakini mpiga mbizi aliyelipa kiingilio anaruhusiwa. Sikatai, maana huyo anakwenda kutazama tu. Lakini kutazama nako kuna madhara yake. Nanga ikitupwa juu ya matumbawe haiulizi mashua ni ya nani. Mtu ambaye hajazoea kuelea na mtungi mgongoni hukanyaga mwamba kwa mapezi yake na kuvunja kilichoota kabla yeye hajazaliwa. Tena kuna hatari kwake mwenyewe. Katika mlango wa Kinasi maji yakijaa huingia ghubani yakiwa safi, na mpiga mbizi huingia nayo. Yakianza kupwa mkondo humvuta kwenda bahari kuu. Nahodha wa kwetu anazijua saa hizo, naye asikilizwe hata kama mgeni ana haraka na amekwisha lipa.

Kuhusu kambi ndiko kwenye upendeleo zaidi. Mvuvi akiwasha moto ufukweni huambiwa anaharibu mazingira, anakata mikoko, anatisha kasa. Mara nyingine ni kweli. Lakini mtu wa hema akiwasha moto wa kuota na taa usiku kucha, huo twauita utalii. (Na siku hizi si Wazungu peke yao, wapo Watanzania wenzetu wanaotoka Dar es Salaam na mahema yao.) Kasa hajui tofauti hiyo. Upande wa mashariki wa Juani kasa hutaga, na mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Watoto wakitoka usiku hufuata penye mwanga, ambapo kwa kawaida ni baharini. Wakiona moto au taa nchi kavu hugeukia huko, wakafa kwa jua au wakaliwa na kaa.

Ninavyoona mimi, wanakijiji wenyewe wateue mahali pa kulala, pawe pamoja kwa wenye dago na wenye hema, mbali na fukwe za kasa, na pachimbwe choo. Watu hupenda kuzungumzia miamba na kusahau choo! Maboya ya kufungia vyombo yawekwe kwenye miamba inayotembelewa sana, na mvuvi naye aruhusiwe kufunga mashua yake hapo anapopita, badala ya kutupa nanga.

Jambo jingine ni vijana. Wapo vijana wa visiwa hivi wanaozama kwa pumzi zao tu. Hao wafundishwe kutumia mtungi kwa utaratibu unaotakiwa, wapate vyeti na kuwaongoza wageni, si kubeba mitungi tu kutoka gari hadi mashua. Watoto wa shule nao wapewe miwani ya kuzamia wapelekwe kuona, kwa sababu wengi wanaambiwa kila siku walinde matumbawe ambayo hawajayaona yakiwa hai chini ya maji.

Mwisho, nawaomba wahusika wabandike kwenye ubao wa kila ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, fedha za viingilio zilizokusanywa mwaka huo na kiasi kilichofika kijijini. Karatasi moja inatosha.

Mkazi wa Kilindoni,
Mafia.