Laki tatu za bahasha na paja lililovunjika

Karatasi niliyoletewa nyumbani hapa Kinanira ilikuwa na mistari minne ya Kiswahili, imepigwa kwa kompyuta. Aliyeileta ni mama wa jirani. Mwanawe anabeba ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama, na siku ya ajali alikuwa akiteremka Barabara ya Taifa namba 1 kuja mjini. Lori lenye namba za nchi jirani likamgonga, paja likavunjika mara mbili. Wiki tatu baadaye, mtu aliyesema ametumwa na mwenye lori alifika hospitalini na bahasha ya faranga laki tatu na karatasi hiyo.

"Mwalimu, wewe umesoma Tanzania, nisomee vizuri," mama akaniambia. "Wanasema ni ya kuonyesha tu kwamba tumepokea."

Haikuwa hivyo. Mstari wa tatu ulisema majeruhi hatakuwa na madai mengine yoyote, ya sasa wala ya baadaye, kwa dereva, kwa mmiliki au kwa kampuni ya bima. Laki tatu! Bili ya upasuaji peke yake ilikuwa imeshapita kiasi hicho mara nne.

Mimi si mwanasheria. Lakini Kiswahili nilichokipata shuleni ukimbizini kimenifanya msomaji wa karatasi za mtaa mzima, na hii si ya kwanza ya aina yake kufika mezani kwangu. Ndiyo maana naandika.

Watu wetu wengi wanaamini kwamba deni la ajali ni la dereva. Dereva ni maskini kama wao, wanamwonea huruma, wanapokea kidogo alicho nacho, mambo yanaisha. Sheria haisemi hivyo. Kanuni ya kiraia tuliyoirithi, kitabu chake cha tatu, ilitoka kwenye dikrii ya tarehe 30 Julai 1888 ya Dola Huru ya Kongo, ndiyo maana mawakili wa pande zote mbili za mto Rusizi wanataja vifungu vilevile. Kifungu cha 258 kinamtaka aliyesababisha madhara kwa kosa lake ayafidie. Cha 260 kinakwenda mbali zaidi: tajiri anawajibika kwa makosa ya mtu anayemtuma kazini, na mwenye kukitawala chombo anawajibika kwa madhara ya chombo hicho. Kwa hiyo tajiri anayejibu "mtafuteni dereva" anakwepa deni lake mwenyewe.

Tukumbuke Sange, ng'ambo tu ya mpaka wetu, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka katikati ya mji huo mdogo, mafuta yakamwagika, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 230 wakafa, wengi wao wakiwa wamekusanyika kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Katika msiba wa namna hiyo dereva anaweza kufa au kutoroka, na aliyemdai dereva peke yake amedai hewa. Mwenye lori na bima yake wao wapo.

Na hapa ndipo ilipo Kadi ya Njano, ambayo mama yule hakuwahi kuisikia. Nchi za eneo hili zilikubaliana Desemba 1986 mjini Addis Ababa kwamba gari likivuka mpaka na kadi hiyo, bima yake inavuka nalo. Ajali ikitokea Burundi, majeruhi analipwa kwa sheria ya Burundi, kupitia ofisi ya kadi iliyoko hapa Burundi, nayo ndiyo inayodai fedha zake kwa wenzao walikotoa kadi. Hakuna anayepaswa kupanda basi kwenda Dar es Salaam kubisha hodi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango huu, kwa hiyo kisingizio cha "sisi hatumo" hakina nguvu.

Najua swali litakalofuata. Hawa vijana wa baiskeli si ndio wanaojining'iniza nyuma ya malori wakipanda mlima? Ni kweli, na wengine wamekufa hivyo. Nimewahi kufunga macho ndani ya basi nisione. Kijana wetu alikuwa akiteremka, hakushika lori. Lakini hata angekuwa na kosa, kazi ya kupima kosa la nani ni kubwa kiasi gani ni ya hakimu, ambaye anaweza kuligawa. Si kazi ya mtu wa bahasha.

Shida nyingine ni ya kipato. Muuza ndizi hana hati ya mshahara, na kima cha chini kilichowekwa kwa Bujumbura mwaka 1988 ni faranga 160 kwa siku, kiasi ambacho leo hakinunui chai. Basi daftari la chama cha waendesha baiskeli na ushahidi wa wanaomnunulia sokoni vikusanywe mapema, pamoja na kila risiti ya hospitali.

Kwa wakuu wa polisi wa usalama barabarani nina ombi moja. Taarifa ya ajali, hii tunayoiita PV, iandikwe namba ya Kadi ya Njano, namba ya kichwa cha lori na namba ya tela pia, maana kichwa na tela vinaweza kuwa na wenyewe tofauti na bima tofauti. Hayo yaandikwe palepale barabarani, kabla lori halijaachiwa. Likishavuka Kobero, mama wa Kinanira atalipatia wapi?

Kwenye PV ya kijana huyu nafasi ya bima imeachwa wazi. Karatasi ya mistari minne bado iko kwangu, haijatiwa saini, na bahasha imerudishwa mbele ya mkuu wa mtaa. Jumatatu mama anarudi polisi kwa mara ya tatu. Safari hii nitamsindikiza.