Lori la mafuta likipinduka, sheria humwangalia mwenye lori na kuusahau umati

Lori la petroli lililopinduka Kigogwa, kwenye barabara ya Kampala kuelekea Bombo, tarehe 22 Oktoba 2024, lingeweza kubaki ajali ya kawaida ya barabarani. Maafa yalikuja baadaye, watu walipokuwa wamekusanyika kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Polisi ilitangaza vifo 11 siku hiyo. Majeruhi wengine walifia hospitalini katika siku zilizofuata, na idadi ikapita 20.

Kampala ilikwisha kuyaona hayo. Mnamo Juni 2013 huko Namungoona, katika barabara ya mchepuko ya kaskazini, zaidi ya watu 30 waliteketea, wengi wao wakiwa waendesha bodaboda waliokimbilia mafuta ya bure. Majirani zetu nao wana orodha yao: Sachangwan nchini Kenya, Januari 2009, Sange katika Kivu Kusini, Julai 2010, ambako walikufa zaidi ya watu 200, na Morogoro, Agosti 2019, waliposhinda 100. Kila mahali habari ni ileile: lori, dumu, cheche. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya mafuta yake hushushwa Mombasa, hupita kwenye bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha hupakiwa kwenye malori yanayoingia kupitia Malaba na Busia. Hatari hiyo, kwa hiyo, hupita milangoni pa watu kila siku.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 1995 ilikuwa na kifungu kinachohusu hasa umwagaji wa kemikali na mafuta. Mwenye ghala au gari lililomwaga alitakiwa kufanya mambo mawili mara moja: kuiarifu Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, na kuanza kusafisha kwa njia bora iliyopo. Akikaidi, Mamlaka ingeweza kulikamata gari lake na, kwa amri ya mahakama, kuliuza ili kufidia gharama. Kenya iliandika kifungu kinachokaribia kufanana na hicho mwaka 1999. Sheria mpya ya Uganda ya mwaka 2019 imeendeleza msingi uleule, kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na mwaka 2020 zikafuata kanuni mahususi za kuzuia na kukabiliana na umwagikaji wa mafuta.

Kiswahili hutenganisha kumwaga na kumwagika. La kwanza lina mtendaji, la pili ni jambo lililotokea. Kwa upande wa usafishaji sheria haijali tofauti hiyo. Mafuta yakishatoka kwenye tangi lako, ni juu yako kuyaondoa, uwe umekusudia au umeteleza. Huo ni msimamo wa haki. Lakini mpangilio mzima unachukulia kwamba walio kwenye tukio ni watatu tu: mwenye mali, mkaguzi na mazingira. Umati haumo.

Na umati ndio hufika kwanza. Petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaa mitaroni na kusubiri moto. Injini ya pikipiki inayowashwa au jiko la mkaa kibandani vyatosha. Dizeli haiwaki kwa wepesi huo, na pengine ndiyo sababu watu waliowahi kuchota dizeli wakasalimika huamini kwamba na petroli ni vivyo hivyo. Kusema kwamba waliokufa waliponzwa na tamaa ni rahisi mno. Anayeishi kwa kipato cha siku akiona lita 20 zikipotea mtaroni hafikirii kifungu cha sheria, wala hakuna aliyemsomea.

Hapa lugha inahusika moja kwa moja. Sheria na kanuni hizi zimeandikwa kwa Kiingereza. Madereva wengi wa njia ya Mombasa huzungumza Kiswahili. Wakazi wa Kigogwa na Namungoona, Kiluganda. Kwenye kibao cha rangi ya chungwa nyuma ya lori huandikwa namba ya kimataifa ya shehena: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa. Ni taarifa ya kuokoa maisha, ila kwa asiyefundishwa hufanana na namba yoyote ile. Katiba imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005. Maonyo ya barabarani yangekuwa mahali pazuri pa kuanzia, sambamba na Kiluganda.

Usafishaji wenyewe nao una mtego wake. Kuisukuma petroli kwa maji hadi mtaroni huiondoa machoni tu, kwani huelea na kwenda mbali zaidi. Mitaro mingi ya katikati ya Kampala huishia kwenye mfereji wa Nakivubo, nao humwaga katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, ambako mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya jiji. Mchanga na povu la zimamoto ndivyo vinavyohitajika, na vyote viwili vyataka mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo.

Mtu huyo anaweza kupatikana. Kila kijiji kina mwenyekiti wa LC1, na vitongoji vingi vina vipaza sauti vya matangazo, ebizindaalo, vinavyosikika kabla gari la zimamoto halijaondoka kituoni. Kanuni zikiwapa hao jukumu la wazi la kuwarudisha watu nyuma na kuzuia moto hadi polisi wafike, na gharama yake ikawekwa katika hesabu anayodaiwa mwenye lori, hapatahitajika wizara mpya. Kinachosubiriwa ni mtu wa kuliandika jambo hilo kwenye kanuni, kisha kulitangaza kwa lugha ya wanaoishi kando ya barabara.